Venti ya tangi: tundu linalopimwa kwa pampu na kwa mvua

Mama anayemimina mafuta ya kula kutoka kwenye debe hatoboi tundu moja. Anatoboa mawili: moja la kupitisha mafuta, na jingine dogo upande wa pili kwa ajili ya hewa. Akilisahau hilo la pili, mafuta yanatoka kwa kukatakata, kwa sababu kila kinachotoka ndani lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa, na hewa haina pa kupita. Debe linavumilia usumbufu huo. Tangi la lita milioni moja halivumilii, na ndiyo maana tundu lake la pili lina jina na lina hesabu yake. Mafundi wa matangi ya Kurasini na Kigamboni, jijini Dar es Salaam, wanaliita venti.

Tangi ninalolizungumzia ni lile la presha ya kawaida, yaani lililojengwa kuhifadhi kimiminika kwa presha ileile ya hewa inayolizunguka. Dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya mawese, molasi na maji, vyote huhifadhiwa humo. Ukilitazama kutoka kwenye kivuko, linaonekana kama ngome. Chukua tangi la kipenyo cha mita 12 lenye paa la bati la chuma la milimita 5. Upana wake ni mara 2,400 ya unene wa paa hilo. Kopo la soda, ambalo unalibonyeza kwa kidole gumba, upana wake haufiki hata mara 1,000 ya unene wa ukuta wake. Kwa uwiano, tangi ndilo jembamba.

Ndiyo maana presha yake hupimwa kwa milimita za maji, yaani kwa kimo cha maji ambacho presha hiyo inaweza kukibeba; milimita moja ni sawa na uzito wa kilo moja kwa kila mita ya mraba. Bati la milimita 5 lina uzito wa kilo 39 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo presha ya ndani ya milimita 39 za maji inatosha kuubeba uzito wote wa bati la paa. Upande wa kunyonya ni dhaifu zaidi. Matangi ya kawaida ya kiwango cha Marekani kiitwacho API 650, yasiyoongezewa nguvu maalumu, huhesabiwa kuhimili ombwe, yaani presha ya ndani kushuka chini ya ile ya nje, la takriban milimita 25 za maji. Mtoto anayevuta juisi kwa mrija ikapanda sentimita mbili na nusu ametengeneza ombwe la kiasi hichohicho. Kwenye paa la mita 12, ombwe hilo dogo ni sawa na mzigo wa takriban tani 2.8 uliotandazwa juu yake.

Nikiwa mafunzoni nililiona hilo kwa macho. Tangi jipya lilikuwa limejazwa maji ya majaribio, na wapaka rangi walikuwa wameifunga venti kwa nailoni ili rangi isiingie. Walifanya kazi yao vizuri. Siku ya kumwaga maji, vali ikafunguliwa, na hakuna aliyepanda juu kuangalia. Paa liliingia ndani taratibu, kwa mlio wa bati linalokunjwa, na ukuta wa juu ukafuata. Hakuna aliyeumia. Lakini tangi lile halikuwahi kushika mafuta, na nailoni yenyewe ilikutwa imevutwa ndani ya bomba kama kizibo.

Basi ukubwa wa venti unatoka wapi? Unatoka kwenye pumzi za tangi, na kiwango kinachozipima ni API 2000, kinachotumika sehemu nyingi duniani.

Pumzi ya kwanza ni ya pampu. Ukitoa dizeli mita za ujazo 200 kwa saa, hewa mita za ujazo 200 kwa saa lazima iingie. Ukiingiza, hewa kiasi hicho itoke. Kwa petroli na vimiminika vingine vyepesi kuvukiza, kiasi cha kutoka huhesabiwa mara mbili, kwa sababu kimiminika kinachoingia huzalisha mvuke wake juu ya hewa inayosukumwa nje. Sehemu hii haimsumbui mtu. Hata asiyesoma uhandisi anaiona.

Pumzi ya pili ndiyo inayosahaulika, na kwa Dar es Salaam ndiyo yenye kauli. Fikiria saa nane mchana mwezi wa Aprili. Jua limelipiga tangi tangu asubuhi, paa halishikiki, na hewa ya ndani imechemka. Ghafla mvua ya masika inashuka, ile isiyobisha hodi. Maji baridi yanatiririka juu ya paa na ukutani, na hewa ya ndani inapoa kwa dakika chache. Hewa ikipoa inasinyaa. Ikishuka kutoka nyuzi 55 hadi 30, inapungua kwa zaidi ya asilimia 7. Tangi la mita za ujazo 1,000 likiwa karibu tupu, nafasi ya mita za ujazo zaidi ya 70 inataka kujazwa na hewa ya nje, na inataka sasa hivi. Kama tangi limezibwa kabisa, ombwe linalotokea linapita milimita 700 za maji. Tulisema linahimili 25.

Hapo kuna jambo linalowashangaza wengi: tangi lililo hatarini zaidi wakati wa mvua ni lile lililo karibu tupu, kwa sababu ndilo lenye hewa nyingi ya kusinyaa. Lililojaa dizeli hadi juu lina hewa kidogo, na dizeli yenyewe haipoi haraka.

API 2000 ina kanuni ya pumzi hii, na inaangalia mahali tangi lilipo duniani. Kwa maeneo yaliyo chini ya latitudo 42, na Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, hewa ya kuingia kwa ajili ya kupoa ni ujazo wa tangi ukipandishwa kwa kipeo cha 0.7, kisha kuzidishwa kwa 6.5, pale mafuta yanapohifadhiwa kwenye joto la nyuzi 25 au zaidi. Joto hilo kwetu ni la kila siku. Kwa tangi letu la mita za ujazo 1,000 lisilofunikwa kwa kinga ya joto, jibu ni karibu mita za ujazo 820 kwa saa. Iweke kando ya ile 200 ya pampu. Mvua inavuta mara nne ya pampu, na hesabu inazijumlisha zote mbili, kwa sababu hakuna anayezima pampu eti mvua imeanza. Jumla ni karibu 1,020.

Sasa tafuta tundu. Kwa tofauti ya presha ya milimita 25 za maji, hewa ingekimbia kama mita 20 kwa sekunde kama isingezuiwa na kitu. Bomba lililopinda kama shingo ya bata, lenye wavu mdomoni, tulihesabie nusu ya kasi hiyo. Kipenyo kinachohitajika kinakuja karibu milimita 190, yaani utachukua bomba la inchi 8. Aliyehesabu pampu peke yake angepata milimita 83 au hivyo, na kwa kujihami angeweka inchi 4, akalala usingizi. Tatizo ni kwamba kwa kiasi kilekile cha hewa, ukipunguza kipenyo kwa nusu presha inayohitajika haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara 16. Ile inchi 4 ingelazimisha tangi kuvuta kwa ombwe linalokaribia milimita 300. Nimekutana na matangi ambayo venti yake ilichaguliwa ilingane na bomba la kutolea mafuta. Kipenyo hicho kimewekwa na viwango kama kima cha chini tu, na kukifanya kuwa jibu zima ni kosa ninalotamani lifutike katika karakana zetu.

Kwa upande wa kutoa hewa, jua la asubuhi linapasha polepole kuliko mvua inavyopoza. Kanuni ileile inatoa karibu mita za ujazo 160 kwa saa kwa tangi letu, ujumlishe na kasi ya kujaza. Kinachoweza kuvuruga hesabu hii ni zoea la kusukuma mabaki ya mafuta bombani kwa hewa ya kompresa. Mafuta yakiisha, hewa iliyobanwa inaingia ndani ya tangi ghafla kwa mkupuo, na hakuna pampu iliyowahi kusukuma kwa kasi hiyo. Kama kazi hiyo inafanyika kwenye bohari lako, mhandisi aambiwe kabla hajachora.

Chochote unachokiweka mdomoni pa venti kinakula sehemu ya nafasi hiyo. Wavu wa matundu madogo unazuia nyuki, lakini pia unashika vumbi, na upepo wa chumvi wa Kigamboni unauotesha kutu mpaka matundu yafungane. Vali ya kupumulia, inayobaki imefungwa hadi presha ifike kiwango fulani ili mvuke usipotee bure, haifunguki wazi pale inapoanza kuinuka. Inahitaji presha zaidi kidogo ndipo ipitishe kiasi chake chote, kwa hiyo lazima ianze kufunguka mapema kabla tangi halijafika kikomo chake. Kizuia moto, kifaa kinachozuia mwali wa nje usipite kuingia tangini, nacho kina mifereji myembamba, na kikichafuka venti ya inchi 8 inabaki inchi 8 kwa jina.

Moto wa nje una hesabu yake peke yake. Miali ikilamba ukuta, mafuta yanachemka na mvuke wake unazidi kwa mbali pumzi zote nilizozitaja. Eneo linalohesabiwa ni lile la ukuta lenye mafuta kwa ndani, hadi mita 9.14 kutoka ardhini. Mvuke huo hauachiwi venti ya kila siku. Unatengenezewa kifuniko kizito kinachoinuliwa na presha, au kiungo cha paa na ukuta kinachochomelewa kwa makusudi kiwe dhaifu, ili paa lichanike juu badala ya tangi kupasuka chini na kumwaga mafuta yote.

Ukiletewa mchoro wa tangi, tafuta ombwe linalohimiliwa limeandikwa wapi, kwa milimita za maji. Kisha uliza kiasi cha hewa ya kuingia kilichotumika kuchagua venti. Namba hiyo ikiwa sawasawa na kasi ya pampu, hakuna aliyehesabu mvua.