Kodi ikipanda, nyumbani kunabaki nini?

Jioni husimama na umati wa kivuko cha Likoni kungoja feri. Lango likifunguliwa tunateremka mbio na vikapu, baiskeli na watoto wa shule, na hakuna anayetoa hata shilingi. Mwenye gari hulipa, mwenda kwa miguu huvuka bure. Tuseme nauli ingekuwa shilingi 20. Mtu anayevuka kwenda na kurudi kazini siku 26 angetoa 1,040 kwa mwezi. Nyumba yenye wavukaji watatu, 3,120.

Hesabu hii huwapigia wateja wangu wanaoniletea hati za mshahara na kuuliza, kwa uchungu ninaouelewa, makato haya yote yanawafaa nini. Mimi ni mhasibu wa kodi hapa Mombasa, na huwaomba kitu kimoja: jumlisha makato pamoja na pesa unazotoa mkononi kwa huduma ileile.

Chukua afya. Tangu Oktoba 2024, SHIF, mfuko wa serikali wa bima ya afya ya jamii, hukata asilimia 2.75 ya mshahara wote. Mwenye 20,000 hukatwa 550; wakati wa NHIF, mfuko uliotangulia, alikatwa 750. Mwenye 100,000 amepanda kutoka 1,700 hadi 2,750. Mpango huo naukubali, kwa sababu mwenye nacho anambebea asiye nacho. Lakini mwaka jana nilikaa na shangazi yangu katika hospitali moja ya umma. Muuguzi akanipa kikaratasi: dripu, sindano, glavu, kanunue duka la dawa nje ya geti. Pale nililipa mara mbili, na siku ile makato yangu hayakuniokolea kitu.

Ushuru wa nyumba, makato ya mshahara ya kujengea nyumba za bei nafuu, sina maneno mengi juu yake. Mpangaji wa mshahara wa 40,000 hukatwa 600, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba anataka kodi yake ya pango palepale.

Maji ndiyo yanayoniuma zaidi. Mji huu bado unategemea bomba la Mzima la miaka ya 1950, linalosafirisha maji zaidi ya kilomita 200, na mitaa mingi mifereji hukauka siku kadhaa mfululizo. Hapo huja mkokoteni. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 20, na nyumba ikitumia minane kwa siku, mwezi unameza 4,800. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa kila lita elfu moja, bei ambayo bili ya mfereji haiikaribii. Na anayelipa hivyo ni mama wa chumba kimoja. Mwenye kisima na tangi juu ya paa hana habari.

Kwa hiyo nikiulizwa kama naunga mkono kodi zaidi, huuliza mfereji wa mama yule utatoka maji lini, na pesa zitawekwa akaunti gani isiyoguswa kwa jambo jingine. Nikipewa majibu hayo mawili kwa maandishi, atozwe hata 1,000 zaidi kwa mwezi. Atakuwa bado na 3,800 za mkokoteni mkononi, atoe bili yake humo, na zitakazobaki zitamnunulia mwanawe sare ya shule.