Injini ikizima, ndege ndogo haidondoki kama nazi
Ujumbe unaozungushwa kila mara katika makundi ya simu hapa Tanga unadai kwamba injini ya ndege ndogo ikizima angani, ndege hudondoka papo hapo kama nazi. Si kweli. Kinachoibeba ni hewa inayopita kwenye mabawa, hivyo rubani huinamisha pua kidogo, akalinda mwendo na kuteleza angani huku akitafuta ufukwe au shamba wazi. Cessna 172, aina ya ndege ndogo ya injini moja, ikiwa mita 1,000 juu huweza kwenda takriban kilomita 9, na kipimo hicho kimo katika kitabu cha mwongozo wake. Hatari ipo, hasa injini ikizima punde baada ya kuruka. Wengi huchanganya injini kuzima na mabawa kushindwa kuibeba ndege, kwa mfano mwendo unapopungua mno. Tafadhali tusiusambaze ujumbe huo, unawatia hofu bure wasafiri wa Pemba. Mtazame mwewe juu ya Raskazone hapa Tanga: huenda mbali bila kupiga bawa.