Kama uani kwako wanakuja kunguru tu, anza na maji, punje baadaye

Juzi asubuhi natoka dukani, jirani yangu wa huku Sahare, Tanga, bi mkubwa mmoja nampenda sana, akanisimamisha njiani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na hakuzunguka, akaniambia mwanangu wewe kwako kila nikipita nasikia ndege wanaimba hadi raha, mie kila siku namwaga wali uliobaki pale uani na nnachopata ni kunguru tu, wamejaa mpaka naogopa kuanika dagaa. Nikamwambia bibi, jibu umeshalitoa mwenyewe, ni huo wali.

Nimeona niliandike hili vizuri maana sio yeye peke yake, nnaulizwa kila wiki. Kazi yangu ni kuongoza watu wanaokuja kutazama ndege, hapa mjini Tanga na kule juu Amani kwenye msitu wa Usambara Mashariki, na kitu kinachoniuma ni kwamba mtu anatoka Ulaya anapanda ndege mbili na gari kuja kumuona chozi, kile kindege kidogo kinachonyonya maua, wakati sie chozi anapita dirishani tunakunywa chai na hatumgeukii. Nchi hii ina aina zaidi ya 1,100 za ndege jamani. Uani tu, hata ule uani mdogo wa nyumba za Ngamiani zenye mwarobaini mmoja na kamba ya nguo, ukikaa saa moja ukanyamaza huwezi kukosa aina nane au kumi.

Sa turudi kwa kunguru, maana ukikosea hapa kila kitu kingine kitaharibika. Huyu tunayemzungumzia, mweusi mwenye shingo ya kijivu, sio wa kwetu. Ni kunguru wa India, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asafishe uchafu wa mji, akavuka bahari akaja bara na leo kaujaza mwambao mzima. Yule wa asili, mkubwa kidogo, mwenye kifua cheupe kama kavaa kizibao, mjini kasukumwa pembeni. Kunguru wa India ana akili sana, mmoja akiona sinia la wali anaita, dakika mbili wako kumi, na wakimaliza wali hawaondoki, wanapanda juu ya mti wanaanza kukagua tawi kwa tawi wakitafuta mayai na makinda. Yani ule wali wako unamleta mlangoni yule yule anayekula watoto wa wale ndege uliotaka waje! Ndo maana nawaambia watu, makombo ya chakula yafukie au uyafunike, usiyamwage wazi, na kama una kuku wape ndani ya banda. Ukifanya hivyo wiki mbili tatu kunguru hawatakwisha mtaani lakini kwako watapita tu, hawatakaa.

Baada ya hapo weka maji. Kabla ya punje, kabla ya kitu chochote, maji. Ndege anayekula wadudu hana haja na mtama wako, anayekula matunda hana haja nao, anayenyonya maua vile vile, lakini wote hao lazima wanywe na lazima waoge, hasa kile kipindi cha kaskazi Januari na Februari jua linapowaka na madimbwi yote yamekauka. Chombo sio lazima ununue, mie natumia kigae cha mtungi uliovunjika, kile kipande cha tumboni, kinakaa kama sahani. Udongo ni bora kuliko plastiki kwa sababu ndege hatelezi, na kina kisizidi vidole viwili vitatu, kama chombo ni kirefu tia jiwe katikati ndege mdogo apate pa kusimama. Kiweke juu ya kigogo au tofali zilizopangwa kama usawa wa kiuno, karibu na mti ambao ndege anaweza kukimbilia lakini kisigusane na kichaka, acha hatua mbili tatu, maana paka wa mtaani anajificha pale pale chini na nimeshapoteza tetere wawili kwa kosa hilo.

Kila asubuhi mwaga maji yote, sugua na kumbi la nazi bila sabuni, tia mapya. Hapa sitaki mtu aniambie nimechoka leo, maana mbu anahitaji kama wiki nzima au zaidi kutoka yai hadi kuruka, ukibadilisha kila siku hapati nafasi, ukisahau wiki umefuga mbu nyumbani, na sie Tanga dengi ya mwaka 2019 tunaikumbuka.

Kuna kitu kimoja kidogo kinachofanya kazi kuliko vyote. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko na sindano, itundike juu ya kigae ikiwa imepinduliwa idondoshe tone moja moja. Ile sauti na yale mawimbi madogo ndege anayaona kutoka mbali kuliko maji yaliyotulia. Siku ya kwanza nilipotundika, hata nusu saa haikupita akaja shore, huyu wa kichwa cheusi na njano chini ya mkia, akatua ukingoni akainamisha kichwa akitazama tone linavyoanguka, akanywa, akainua mdomo juu ili maji yashuke, akanywa tena, kisha kwa ghafla akajitupa ndani akaanza kupiga mabawa maji yakaruka mpaka kwenye miguu yangu. Mwenzake akaja akangoja zamu kwenye kamba ya nguo.

Chozi yeye haogi hivyo. Ukimwagilia mgomba asubuhi, jani likawa na matone, kaa utazame. Anatua juu ya jani, analaza kifua, anateleza nalo kutoka juu kwenda chini huku mabawa yanatetemeka, akifika ncha anaruka anarudi juu anaanza tena. Nimeona mmoja wa kijani mwenye tumbo la njano amefanya hivyo mara saba kwenye jani moja, na mwili wake mzima haufiki hata uzito wa vijiko viwili vya chai vya sukari. Kwahiyo mie kila siku nikimaliza kigae narushia maji mgomba na haibiskasi, ndo bafu lao.

Na kulisha kwenyewe, lisha kwa mmea. Mshubiri ukitoa ule mshale wake wa maua mekundu chozi hawaondoki hapo. Mlonge ukichanua, hivyo hivyo. Ua la mgomba, lile la zambarau linaloning'inia, lina asali ndani na ukilikata mapema unawanyima. Mwarobaini wengi wanajua dawa tu lakini tunda lake likiiva likawa njano, shore wanakuja makundi. Kwenye mpapai achia papai moja la juu kabisa, lile ambalo hata mti wa kuangulia haufiki, watakuja shore na wale wa mkia mrefu mwembamba wanaopanda matawi kama panya, vitabuni wanaitwa kuzumburu, ni waharibifu kidogo wa majani machanga lakini papai moja halikufilisi.

Usipulize dawa za wadudu ovyo. Watu wanadhani chozi anaishi kwa maji ya maua tu, sio kweli, watoto wake anawalisha wadudu na buibui, na hata kiota chake kimeshonwa kwa utando wa buibui. Kuna nyumba moja Chumbageni chozi wa kifua chekundu alijenga kwenye waya wa taa ya barazani, jike peke yake alijenga, dume alikuwa anaimba tu juu ya antena. Nilikuwa nakwenda kila siku ya pili. Analeta nyuzi mdomoni, anazungushia waya, anabandika majani makavu na maganda mpaka kikawa mfuko unaoning'inia, na juu ya mlango akaweka kiukingo kama kibaraza cha kuzuia mvua. Wenye nyumba waliacha kuwasha ile taa mwezi mzima, wakawa wanatumia ya jikoni, wiki mbili kuatamia na nyingine mbili na zaidi kulea, mpaka makinda wawili wakaruka. Nawashukuru mpaka leo.

Maji ya sukari? Naulizwa sana. Inawezekana, kipimo kimoja cha sukari kwa vinne au vitano vya maji, bila rangi, na usitumie asali kabisa kwa sababu inaota ukungu unaowaua. Lakini kwa joto letu hili maji hayo yanachacha siku hiyo hiyo, ikabidi uoshe chombo kila siku na maji ya moto, na sisimizi ndo usiseme. Panda mshubiri.

Haya, punje. Sijakataza, nimesema zije baadaye. Chenga za mchele, uwele au mtama, vyote vipo soko la Mgandini kwa bei ndogo. Konzi moja asubuhi inatosha, kama saa kumi na mbili na nusu jua likichomoza, na nyingine saa kumi jioni, na kisichokwisha kiondoe. Shomoro watakuja, mnana watakuja, chiriku nao, chini utaona tetere wakiokota kilichoanguka. Kuwazuia kunguru mwambie fundi wa mageti akufungie kisanduku cha weldimeshi ya matundu ya kama sentimita nne, sinia linakaa ndani, wadogo wanapenya na kunguru anabaki nje anazunguka. Usiweke ugali au mkate wenye chumvi. Na karanga zenye ukungu ambazo wewe mwenyewe hukuzila usiwape, ile ni sumukuvu, inaua ini la ndege kama linavyouliwa la kwetu. Pia kama unafuga kuku weka sinia mbali na banda na usiache wakachangia maji, mdondo na maradhi mengine hayabagui kuku na njiwa. Ukiona ndege amejikunyata, manyoya yamevimba, haruki ukimkaribia, toa chakula chote na maji, osha kila kitu, pumzika wiki mbili ili wasiendelee kukusanyika.

Wengine hawahitaji kulishwa, wanahitaji kuachwa. Mnana ukimtazama anavyojenga utasahau chai yako ipoe. Dume, manjano kama embe bivu, anauma ukuti wa mnazi pembeni kisha anaruka nao, ule ukuti unachanika wenyewe ukawa uzi mrefu wa kijani. Anafunga fundo la kwanza kwa mdomo na mguu, anatengeneza pete, anasimama humo humo ndani ya pete akisuka pande zote. Kikiisha ananing'inia chini kichwa chini miguu juu anapiga mabawa akiita, jike anakuja, anaingia, anavuta nyuzi moja moja kupima. Akiondoka, dume anaita mwingine, na kiota kikikauka kikawa cha kahawia bila kukubaliwa anakifumua chote anaanza upya pale pale. Ni kweli wakiwa wengi mnazi unabaki na mifupa tu, siwezi kukataa, lakini kuangusha viota vyenye makinda ndani sio dawa, subiri wamalize msimu.

Bundi pia. Najua tunasema ni uchuro akilia juu ya paa, nimekulia kwenye imani hiyo hiyo, bibi yangu alikuwa anamrushia chumvi. Lakini yule mweupe mwenye uso kama moyo anakaa darini kwa sababu panya wapo, anakula panya usiku kucha. Usimuue, na ukitega sumu ya panya ujue panya aliyekula sumu akiliwa na bundi, bundi naye anakufa.

Vijana wa urimbo ndo wananipa shida. Wanachemsha utomvu wa mfenesi, wanapaka kwenye vijiti, wanakamata chiriku wa kufuga kwenye tundu. Wengi wao hawajui kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali hata kwa ndege mdogo hivyo. Mie siwakaripii, nawaita nawapa darubini washike. Mmoja alikaa nayo dakika ishirini akimtazama chozi, akaniuliza hiyo rangi ya kifuani mbona inazimika na kuwaka, nikamweleza sio rangi ya kupakwa, ni mwanga unavunjika kwenye manyoya, akigeuka kidogo unaona nyeusi, akigeukia jua unaona zambarau. Siku hizi ndiye anaenipigia simu akiona kitu kigeni.

Na vigeni vipo, kuanzia vuli wanakuja mbayuwayu kutoka Ulaya na keremkerem wa rangi zote wanapita juu ya mikonge, mpaka masika yanapokaribia wanatoweka, waja leo warudi leo. Daftari la shilingi mia tano linatosha: tarehe, saa, ndege gani, wangapi, alikuwa anafanya nini. Jina usilolijua chora mdomo na mkia, andika rangi ya miguu. Ukipenda kuweka kwenye simu kuna programu inaitwa eBird, bure, na kinachoandikwa huko wanasayansi wanakitumia kweli.

Bi mkubwa wangu aliacha wali, kaweka kigae Jumatatu. Alhamisi usiku kanipigia, anasema leo kaja mmoja, sio shore sio shomoro, mkubwa, wa kahawia mgongoni, ana utepe mweupe juu ya jicho, kanywa maji kisha kajificha kichakani akawa analia du-du-du-du kama maji yanamwagwa kutoka kwenye chupa. Nikamwambia bibi, huyo ni dudumizi, kesho saa kumi na mbili na nusu nipo mlangoni kwako.