Unajua Kifaransa? Kiingereza Umekwisha Kukianza

Watu wengi wa Lubumbashi wanaoleta karatasi za Kiingereza idarani kwetu, awe dereva mwenye hati za mzigo kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, au kijana aliyepewa mkataba wa kazi mgodini, huanza kwa maneno yale yale: "Mwalimu, miye Kiingereza sijui hata kidogo." Ukimwekea kidole kwenye government, contract, transport, minister, anaeleza yote bila kusita, kwa sababu Kifaransa amekisoma tangu shule ya msingi. Kujidharau huku kunanisikitisha. Wataalamu wengi hukadiria kwamba zaidi ya robo ya maneno ya Kiingereza yametoka katika Kifaransa. Nasi Wakatanga, watu wa eneo hili la Kongo, Kiingereza si mgeni kwetu: reli iliyofika mjini hapa mwaka 1910 ilitokea kusini, Rhodesia ya Waingereza (leo Zambia na Zimbabwe).

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa, alivuka bahari akaishinda Uingereza na kutwaa ufalme. Kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa kikawa lugha ya wakuu na ya mahakama, wakulima wakaendelea na Kiingereza chao. Mwaka 1362 ndipo sheria ilipoagiza mashauri yasemwe kwa Kiingereza, na sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Kwa hiyo maneno ya nyumbani kama mother, water, bread na sleep ni ya wenyeji, ya ukoo mmoja na Kijerumani. Judge, prison, tax na parliament yaliingia na watawala.

Ipo njia rahisi ninayopenda kuwafundisha wanafunzi. Tazama maneno ya Kifaransa yenye kofia juu ya irabu: hôpital, forêt, côte, bête, fête. Iondoe kofia, rudisha herufi s baada ya irabu hiyo, nawe utaona hospital, forest, coast, beast, feast. Waingereza waliyapokea maneno hayo s ikiwa bado imo. Wafaransa waliacha kuitamka, lakini waliendelea kuiandika kwa karne nyingi, mpaka kamusi ya Akademia ya Ufaransa, chombo kinachosimamia lugha yao, ya mwaka 1740 ilipoifuta katika maneno mengi na kuweka kofia mahali pake. Anayelijua hili husoma Kiingereza kingi bila kufungua kamusi.

Lakini lugha mbili zikikaa mbali karne nyingi, neno moja huchukua njia mbili. Hapo ndipo watu wanapoumia, hasa kwenye mikataba.

Neno linalonitia wasiwasi kuliko yote ni delay. Kwa Kifaransa, délai ya siku 30 ni muda uliopewa: una siku 30 za kumaliza kazi. Kwa Kiingereza, delay ya siku 30 maana yake umechelewa siku 30. Yote mawili yametoka katika kitenzi kimoja cha zamani, kuahirisha. Wafaransa wakashika ule muda wa nyongeza, Waingereza wakashika uchelewaji. Mkandarasi akimwandikia mteja wa Zambia kwamba anaomba delay, mteja anaelewa kwamba anataka kuchelewesha kazi, ilhali mkandarasi alikuwa akiuliza tu tarehe ya mwisho. Muda uliopangwa uite time limit au deadline.

Eventually nalo ni la kuangaliwa. Ukisoma kwamba kampuni "will eventually pay", usidhani ni éventuellement, yaani huenda italipa. Inasema mwishowe italipa, hata kama haisemi lini. Asili ni neno la Kilatini lenye maana ya tukio au matokeo: Kifaransa kikafuata tukio linaloweza kutokea, Kiingereza kikafuata matokeo ya mwisho. Na demand si kuomba kwa adabu kama demander. Ni kudai, tena kwa nguvu. Neno lilikomaa mahakamani, kinywani mwa mtu anayedai haki yake. Ukimwandikia mwajiri "I demand a job", umemwamrisha. Andika "I am applying for a job".

La mwisho ni la mafundi wetu wa migodini. Engin ya Kifaransa na engine ya Kiingereza ni watoto wa neno moja la Kilatini, ingenium, yaani akili ya kuzaliwa nayo. Kwanza ilikuwa akili, kisha ikawa kile ambacho akili imekibuni. Hapa Katanga engin ni tingatinga zima, na magurudumu yake yote. Kwa Kiingereza engine ni injini peke yake. Fundi akipokea ripoti inayosema "engine failure", aanze kuikagua injini. Naye akitaka kuagiza mashine nzima kutoka Afrika Kusini, aandike machine au equipment, la sivyo ataletewa injini ndani ya sanduku.