MCA hawezi kukufuta kazi kwa WhatsApp: wakili wa bunge la kaunti anaeleza

Kadiri uchaguzi wa Agosti 2027 hapa Kenya unavyosogea ndivyo malalamiko ya kufutwa kazi yanavyozidi, na mengi yanatoka ofisi za wadi. Mtu anaamka anapata meseji kwamba asirudi kazini, eti alionekana kwa mkutano wa mpinzani. Mwingine anaambiwa aachie soja funguo, barua hakuna, sababu hakuna. Mimi ni wakili wa upande wa mwajiri, nasimamia bunge la kaunti likishtakiwa na wafanyakazi wake, kwa hivyo haya ninayoandika ni elimu kwa umma na si ushauri kwa kesi ya mtu fulani, na kesi iliyo kortini siwezi kuigusa.

Tuanze na pale watu wanakosea kila siku. MCA, yaani mjumbe wa wadi kwenye bunge la kaunti, si mwajiri wako. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kimeunda Bodi ya Huduma za Bunge la Kaunti, Spika ndiye mwenyekiti na karani wa bunge ndiye katibu, na hiyo bodi ndiyo imepewa kazi ya kuajiri na kusimamia wafanyakazi wa bunge. MCA anaweza kupendekeza jina lako uwekwe ofisi ya wadi, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa, lakini kama barua yako ya kazi ilitoka kwa bodi basi aliyekupendekeza hana uwezo wa kukutoa. Nimeeleza hili kwa wafanyakazi, nimeeleza kwa waheshimiwa wenyewe, na bado wiki inayofuata kuna mtu amefutwa kwa simu. Jamani, soma barua yako, angalia imesainiwa na nani.

Kuna wale pia wanadhani bunge halishtakiwi kwa sababu lina kinga. Kinga ipo, na ni ya maana sana, inamlinda mjumbe kwa yale anayosema kwenye kikao na kwenye kamati. Haifuniki barua ya kumfuta karani wa wadi au dereva. Sheria ya Ajira ya 2007 inabana bunge vile inavyobana kiwanda, na juu yake kuna Kipengele cha 236 cha Katiba kinachosema afisa wa umma hafutwi wala kushushwa cheo bila utaratibu wa sheria kufuatwa.

Sasa utaratibu wenyewe, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu hapa ndio kesi zinashindwa. Kama shida ni utovu wa nidhamu, kazi mbovu au afya, kifungu cha 41 cha hiyo Sheria ya Ajira kinataka mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama anamtaka, halafu asikizwe kabla uamuzi haujafanywa. Kabla, si baada. Kwa vitendo ni hivi: anapewa shoo kozi, yaani barua ya kumtaka ajieleze, iliyotaja kosa lenyewe na tarehe, si ile ya "umekosa heshima" halafu basi, anapewa siku za kutosha kujibu, anaitwa kwa barua, kikao kinaandikiwa kumbukumbu, uamuzi unatoka kwa maandishi ukiwa na sababu, na anaambiwa anaweza kukata rufaa wapi. Hata kosa kubwa linaloruhusu kufutwa papo hapo, kama kulewa kazini au kukataa amri halali, bado anasikizwa. Watu wanasoma kile kifungu cha 44 wakiishia hapo kwa "papo hapo" na hawafungui ukurasa wa nyuma.

Kortini mfanyakazi anatakiwa aonyeshe kwamba aliachishwa isivyo haki, na mwajiri ndiye anatakiwa kuthibitisha sababu. Tukikosa karatasi za kuthibitisha, kifungu cha 43 kinahesabu hiyo ni kuachishwa kusiko haki, yaani hata kama jamaa kweli aliuza mafuta ya gari la bunge na kila mtu anajua, korti itauliza alisikizwa lini na nani aliandika kumbukumbu, na mimi nitasimama pale nikiwa na skrinshoti ya WhatsApp ya mheshimiwa. Hiyo si ushahidi wa kunisaidia, ni ushahidi wa yule aliyeshtaki.

Korti ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaweza kutoa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12 kabla ya makato. Mtu wa shilingi 40,000 kwa mwezi, hiyo inaweza kufika 480,000, bado hujaongeza malipo ya notisi, likizo ambazo hakuchukua na gharama za kesi. Pesa hizo hazitoki mfukoni mwa MCA, zinatoka kwa bajeti ya kaunti. Na usidanganyike kwamba serikali hailipi: mali ya serikali haiuzwi na madalali, hilo ni kweli, lakini aliyeshinda anachukua cheti cha amri kutoka kortini, anampelekea karani ambaye ndiye afisa mhasibu wa bunge, na asipolipwa anaomba korti imlazimishe karani mwenyewe kulipa. Akizidi kukaa kimya anaitwa kujibu kudharau korti. Waheshimiwa wanaobonyeza simu usiku wajue ni karani atakayepanda kizimbani kwa ajili yao.

Kwa wafanyakazi, adui mkubwa ni muda. Una miaka 3 ya kushtaki kutoka siku ulipoachishwa, na korti haina ruhusa ya kukuongezea hata siku moja. Kuna pia rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, inaandikwa ndani ya siku 90, na Mahakama ya Rufaa imeshasema njia hiyo ifuatwe kwanza kabla ya kukimbilia korti. Sisi mawakili wa mwajiri tunaleta pingamizi hilo mapema kabisa na kesi nzuri zinatupwa nje kwa ajili hiyo. Nawaambia wazi kwa sababu nachoka kuona mtu amekaa miaka akingoja MCA mpya amrudishe, halafu anakuja na faili wakati mlango umefungwa.

Kontrakti ya muda ni kitu kingine. Nyingi za ofisi za wadi zinaisha na muhula wa bunge, na ikiisha imeisha, korti haichukulii kwamba ulikuwa na haki ya kuongezewa kwa sababu tu ulifanya kazi vizuri au mjumbe amechaguliwa tena. Lakini kama kontrakti inasema Agosti 2027 na wewe unatolewa miezi kumi kabla kwa ajili ya siasa, huko si kuisha, huko ni kuachishwa na utaratibu wote niliotaja unahusika. Mimba vilevile, kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kimeitaja kabisa kwamba si sababu ya kumfuta mtu, sijui kwa nini bado naulizwa.

Ukiambiwa uende nyumbani, usigombane ofisini. Andikia karani kama katibu wa bodi, omba uamuzi kwa maandishi, weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa, weka payslip na zile meseji. Na omba cheti cha kazi, ni haki ya yeyote aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi, hata kama alifutwa kwa kosa. Kumnyima kwa makusudi ni kosa la jinai, faini hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi 6 au vyote viwili, na bado kuna ofisi zinamzungusha mtu kwa karatasi hiyo moja. Afisa anayefanya hivyo asitegemee ofisi yetu imtetee.