Je, wajua ni kwa nini sasisho la programu dhibiti huweza kutuliza feni ya kompyuta mpakato?

Umeketi unaandika barua, hakuna kazi nyingine nzito inayoendelea kwenye kompyuta, na ghafla feni inaanza kuvuma kwa nguvu. Baada ya sekunde kumi hivi inatulia, na kabla hujamaliza sentensi uliyoianza inavuma tena. Watu wengi wakisikia hivyo husema feni imechakaa na huanza kutafuta nyingine. Hata hivyo hutokea mara nyingi kwamba mtengenezaji anatoa sasisho la programu dhibiti, mashine inazimwa na kuwashwa upya, na uvumaji ule wa kupanda na kushuka unatoweka, ilhali feni ni ileile na hakuna skrubu hata moja iliyofunguliwa. Inakuwaje maelekezo yaliyoandikwa yatulize kifaa kinachozunguka?

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba feni haijipangii kasi yake. Kwenye ubao mama wa kompyuta mpakato kuna kidhibiti kidogo ambacho chenyewe ni kompyuta ndani ya kompyuta, kwa sababu kina kichakataji chake, kumbukumbu yake na programu yake, nacho huendelea kufanya kazi hata mashine inapokuwa imelala. Kidhibiti hiki ndicho kinachopokea ishara ya kitufe cha kuwashia, kinachosimamia uchajiji wa betri, na katika mashine nyingi ndicho kinachosoma vipimajoto vilivyotapakaa ndani ya mashine, kimoja kikiwa ndani ya kichakataji kikuu chenyewe, kisha kinaamua feni izunguke kwa kasi gani. Programu inayokiongoza ndiyo sehemu ya kile tunachokiita programu dhibiti, nayo kwa kawaida husambazwa katika furushi moja na BIOS, yaani ile programu inayoamka kabla ya mfumo endeshi wowote.

Amri yenyewe hupita kwenye waya. Feni nyingi za namna hii zina waya nne: mbili za umeme, mmoja wa kurudisha taarifa ya kasi, ambao kwa kawaida hutoa mapigo mawili kila feni inapokamilisha mzunguko mmoja, na mmoja wa kupokea amri. Amri huja kama umeme unaowashwa na kuzimwa upesi mno, na kadiri sehemu ya muda wa kuwashwa inavyokuwa kubwa ndivyo feni inavyokwenda kasi. Kiwango kilichozoeleka cha kuwasha na kuzima ni mara 25,000 kwa sekunde, na hakikuchaguliwa kwa kubahatisha: sikio la binadamu halisikii mtetemo unaozidi takriban mara 20,000 kwa sekunde, hivyo amri yenyewe haiongezi mlio wowote.

Kinachobaki ni jedwali. Ndani ya programu dhibiti kuna orodha ya viwango vya joto na kasi inayopaswa kufuata kila kiwango, na katika orodha hiyo ndimo matatizo mengi ya kelele yanapozaliwa.

Tuchukue mfano. Tuseme jedwali linaagiza feni ipande kasi joto linapofika nyuzi 60 za Selsiasi, na ishuke pindi joto linapokuwa chini ya 60. Unapofungua ukurasa wa wavuti, kichakataji hujisukuma hadi kasi yake ya juu kwa muda mfupi, na kwa kuwa kipande chenyewe cha silikoni ni kidogo sana, joto lake linaweza kuruka kutoka nyuzi 48 hadi 68 katika muda usiofika sekunde moja. Feni inasikia 68, inavuma. Ukurasa umekwisha kufunguka, joto linaanguka hadi 59, feni inatulia. Unabofya kiungo kingine, na safari inaanza upya. Ukichunguza kwa makini utaona kwamba uvumaji ule haukuwa na faida yoyote, kwa sababu feni haipulizi silikoni moja kwa moja, bali hupuliza mapezi ya metali yaliyounganishwa na kichakataji kwa bomba la shaba, na katika sekunde ile moja mapezi yalikuwa hayajapata joto la kutosha la kuondolewa.

Dawa ya kosa hili ni ya zamani kuliko kompyuta zenyewe, na jokofu lolote huitumia. Jokofu haliwashi na kuzima mota yake kwenye nyuzi moja ileile, kwa sababu lingekuwa likiwaka na kuzimika mfululizo. Linaachiwa pengo kati ya joto la kuwashia na joto la kuzimia. Sasisho zuri la programu dhibiti hufanya vivyo hivyo: feni ipande kwenye 65, lakini isishuke hadi joto lifike 57. Pamoja na pengo hilo, kidhibiti huweza kuagizwa kutazama wastani wa joto la sekunde kadhaa badala ya kila kipimo kinachokuja, na kupandisha kasi polepole badala ya kuirusha kwa mkupuo. Naamini marekebisho haya mawili ndiyo yanayoleta nafuu kubwa kuliko mengine yote, kwa kuwa kinachomsumbua msikilizaji ni kubadilikabadilika kwa sauti kuliko ukubwa wake. Feni inayovuma kwa kiwango kimoja tu husahaulika baada ya dakika chache, lakini inayopanda na kushuka humvuta mtu kutoka kwenye kazi yake kila mara.

Hata hivyo kasi yenyewe ina uzito wake, na hapa hesabu inapendeza. Kiasi cha hewa inayosukumwa na feni hupungua sawia na kasi, ila kelele hupungua upesi zaidi. Kwa kanuni ya kawaida ya feni, ukishusha kasi kutoka mizunguko 4,000 kwa dakika hadi 3,200, unapoteza asilimia 20 ya hewa, lakini kelele inashuka kwa karibu desibeli 5, na umeme unaotumiwa na feni unapungua hadi karibu nusu. Ukiipunguza kasi hadi nusu kabisa, kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Ndiyo maana mhandisi akibadilisha tarakimu chache katika jedwali, mtumiaji huhisi kana kwamba amepewa mashine nyingine.

Aina ya mlio nayo ina nafasi yake. Kila panga la feni linapopita mbele ya ukingo wa nyumba yake hutoa pigo dogo la hewa. Feni yenye mapanga 37 inayozunguka mara 3,600 kwa dakika huzunguka mara 60 kwa sekunde, na hivyo hutoa mapigo 2,220 kwa sekunde, yaani mluzi unaoangukia katika eneo ambalo sikio letu linasikia kwa wepesi kuliko maeneo mengine. Wakati mwingine kasi fulani hupatana na mtetemo wa kasha na mluzi ukawa mkali zaidi. Programu dhibiti inaweza kuagizwa kuiruka kasi hiyo, ikipita haraka kutoka chini yake hadi juu yake bila kutulia hapo.

Kuna njia nyingine ambayo sasisho huitumia, nayo huhusu chanzo cha joto chenyewe. Programu dhibiti ndiyo inayopanga kichakataji kiruhusiwe kula wati ngapi kwa muda mfupi na wati ngapi kwa muda mrefu. Muda mfupi ukifupishwa, au wati zikishushwa kidogo, joto linalozalishwa hupungua na feni haina haja ya kuharakisha. Lakini faida hiyo ina gharama yake: kazi nzito kama kuhariri video huchukua muda mrefu zaidi. Vichakataji vingi vya kompyuta mpakato huvumilia joto hadi karibu nyuzi 100 kabla ya kujipunguzia kasi vyenyewe, kwa hiyo mtengenezaji ana uwanja wa kuchagua kati ya ukimya, ubaridi na wepesi wa kazi.

Kabla ya kusasisha, sikiliza kelele ni ya namna gani. Uvumaji wa hewa unaofuata kazi unayofanya ni suala la jedwali, au la programu fulani inayofanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia, na programu hiyo utaiona ukifungua orodha ya programu zinazotumia kichakataji. Mkwaruzo, mgongano au mtetemo unaobadilika ukiinamisha mashine ni dalili ya beringi iliyolika au kitu kilichonasa kwenye mapanga, na hapo hakuna sasisho litakalosaidia. Vumbi lililoziba mapezi nalo halitibiwi kwa programu. Jedwali jipya likishusha kasi ya feni iliyozibwa, mashine itachemka tu.

Sasisho lenyewe lifanyike kwa utulivu. Kusasisha mfumo endeshi si lazima kuwe kumesasisha programu dhibiti, ingawa siku hizi Windows Update huleta zote mbili kwa mashine nyingi, na watumiaji wa Linux wanayo programu ya fwupd. Linganisha toleo lililopo kwenye mashine na lililo kwenye ukurasa wa msaada wa mtengenezaji, kwa jina kamili la modeli, kisha soma maelezo ya mabadiliko. Chomeka chaja na uhakikishe betri ina chaji, kwa sababu umeme ukikatika wakati programu dhibiti mpya inaandikwa, mashine inaweza kukataa kuwaka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani ulinzi wa Windows unaoficha data ya diski kwa ufunguo, sitisha ulinzi huo kwa muda, au uwe na ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, maana mashine ikiona programu dhibiti imebadilika inaweza kuudai. Usishtuke kioo kikiwa cheusi na feni ikavuma kwa kasi yake yote kwa dakika kadhaa: kidhibiti kinachoiongoza ndicho kinachoandikwa upya wakati huo, na feni huachwa izunguke kwa usalama.

Ikitokea kwamba baada ya sasisho feni imeanza kuvuma zaidi kuliko awali, usikimbilie kurudisha toleo la zamani. Mashine nyingine huuzwa zikiwa kimya kupita kiasi, kisha mtengenezaji akagundua kwamba betri au sehemu nyingine iliyo jirani na kichakataji inapata joto lisiloifaa, akaongeza kasi ya feni kwa makusudi. Rudi kwenye maelezo ya mabadiliko: yakitaja uboreshaji wa joto, uvumaji huo mpya ndio kazi iliyokusudiwa.