Bondi yako ni nzima, faili ndilo moja

Simu ya tatu wiki hii: "Fundi, tumefunga pamoja poti mbili za mtandao za giga moja ziwe bondi, mbona kunakili faili bado ni MB 112 kwa sekunde?" Kwa sababu hapo poti moja imejaa, kaka. Faili lako moja halivuki hapo hata tukifunga poti nane.

LACP, itifaki inayoziunganisha poti hizo, haigawi faili, inagawa mazungumzo, yaani miunganisho kati ya mashine. Anwani za mtumaji na mpokeaji hupigiwa hesabu, na jibu ndilo linalochagua waya. Mazungumzo yaleyale, jibu lilelile, waya uleule hadi mwisho. Ni makusudi: pakiti (vifurushi vya data) zikifika zimepishana, TCP, itifaki inayosimamia usafirishaji wake, hudhani nyingine zimepotea, inatuma upya na kupunguza kasi. Ndiyo maana balance-rr ya Linux, inayogawa pakiti zamu kwa zamu, niliijaribu nikaiacha.

Basi watu ishirini wakivuta pamoja utaona faida? Huenda. Linux ukiiacha ilivyo hutazama MAC, yaani anwani ya kadi ya mtandao. Kama trafiki yote inapita kwenye ruta moja, MAC ya upande wa pili ni moja: waya mmoja unahema, mwenzake amelala. Weka mpangilio wa layer3+4, ihesabu anwani za IP na namba za poti za programu (si poti za waya). Nyaraka za Linux zenyewe zinakiri kwamba hesabu hiyo haifuati kiwango cha LACP kikamilifu, kwani pakiti zilizokatwa vipande zinaweza kupishana. Mimi naiweka hivyohivyo. Na kumbuka seva huchagua waya wa kutokea tu. Wa kuingilia huchaguliwa na swichi kwa hesabu yake yenyewe. Nimepoteza nusu siku nikiikorofisha seva isiyo na kosa. Hata ukipanga vizuri, mazungumzo mawili mazito yanaweza kuangukia waya mmoja, na hilo sina dawa yake.

Waya kukatika? Hapo bondi inalipa, ila nyaya zote mbili zikichomekwa swichi moja, swichi ikizima umezima nayo. Na kukiwa na konveta ya faiba (kifaa kinachounganisha waya wa shaba na wa faiba) katikati, taa ya poti inabaki inawaka wakati upande wa pili umekufa. LACP ya polepole itangoja sekunde 90 bila ujumbe kutoka upande wa pili ndipo ishtuke, ya haraka 3. Weka ya haraka.

Unataka faili moja likimbie? Nunua kadi za giga 10, pande zote mbili. Halafu tupime diski, maana nayo naitilia shaka.